Mkulima wa Ulvik na mashairi ya watu wengine

Mwaka 2016 shirika la utangazaji la Norwei, NRK, liliwataka Wanorwei wachague shairi bora kuliko yote katika nchi yao. Lililoshinda lina mistari 11, halina kina hata kimoja, na mwandishi wake aliishi karibu maisha yake yote akitegemea bustani ya matufaha yenye ukubwa wa ekari tatu hivi. (Tufaha hili ni lile la ng'ambo. Lisichanganywe na tufaa jekundu la Unguja, ambalo ni tunda jingine kabisa.) Mwandishi huyo ni Olav H. Hauge.

Wengi wanaoandika juu yake hurudia picha ileile ya mzee mpole wa kijijini mwenye mikono iliyokomaa kwa kazi, na mashairi yakimtoka kama matunda yanavyotoka mtini. Picha hiyo si ya uongo, ila inaficha nusu ya kazi yake. Hauge alikuwa mfasiri. Lugha za kigeni alijifundisha kwa vitabu, akisoma Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa huku kamusi iko pembeni. Yale mashairi mafupi, makavu, yaliyompa jina uzeeni aliyaandika kwenye meza ileile ambako washairi wa Kijerumani Brecht na Trakl, na Mmarekani Stephen Crane, walikuwa wakigeuzwa kuwa Kinorwei. Anayemsoma mshairi bila mfasiri atashangaa ule ufupi ulitoka wapi.

Alizaliwa tarehe 18 Agosti 1908 Ulvik, kijiji kilicho mwisho wa mkono mmoja wa fyodi ya Hardanger (fyodi ni mkono mrefu wa bahari ulioingia kati ya milima), magharibi mwa nchi. Shule iliyomfaa ilikuwa ya bustani. Hapo Ulvik penyewe kulikuwa na chuo cha kilimo cha bustani cha Hjeltnes, kilichoanza mwaka 1901, na Hauge alisoma huko akatoka na ufundi uliomlisha hadi uzeeni. Shajara aliianza mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 15, akaiandika mpaka mwaka aliofariki. Ilipochapishwa mwaka 2000 ilijaza majuzuu matano. Katika miaka yake ya ishirini akili ilimsumbua, na sehemu kubwa ya muda kati ya 1934 na 1937 alikuwa mgonjwa wa ndani katika hospitali ya Valen. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi, *Glør i oska*, yaani makaa yaliyobaki hai ndani ya majivu, kilitoka mwaka 1946, naye anaelekea miaka 40. Hakuwahi kuwa mshairi kijana.

Bustani ya matufaha inastahili kuelezwa kwa kina, maana ndiyo iliyokuwa kalenda yake. Mti hupogolewa ukiwa umelala, kuanzia mwisho wa majira ya baridi hadi kabla vichipukizi havijafunguka. Maua huja Mei, na hapo ndipo mkulima wa Hardanger hukosa usingizi. Ua likiwa limefunguka kabisa, baridi ya nyuzi 2 chini ya sifuri huua kama moja katika kila maua kumi. Ikishuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri, hubaki moja katika kumi. Yaliyonusurika yakishika, inabidi mengine yang'olewe yangali madogo ili kila kishada kibaki na tunda moja. Asiyefanya hivyo huvuna mzigo wa matunda madogo mwaka huu, na mwaka ujao mti hauzai, kwa kuwa macho ya maua ya mwaka ujao huanza kutengenezwa wakati uleule mti unapohangaika kulisha matunda ya sasa. Mavuno ni Septemba na Oktoba. Tunda huinuliwa na kuzungushwa kidogo mpaka kikonyo kikatike chenyewe, kwa sababu likivutwa kikonyo hubaki mtini na tunda huoza ghalani kuanzia juu. Baada ya hapo huja theluji na usiku mrefu. Kamusi ilikuwa na nafasi yake wakati huo.

Moja ya mashairi yake yanayosomwa sana linahusu mtufaha mkubwa uliokuwa nje ya dirisha, alioukata. Sababu anazozitoa ni za mkulima. Mti uliziba mandhari, sebule ikawa giza wakati wa kiangazi, na zaidi ya hayo wanunuzi wa matunda hawakutaka tena aina ile. Kisha anakiri, kwa shingo upande, kwamba anaukumbuka, na anautaja kwa jina: gravenstein. Anayeujua mti huu anasikia zaidi ya harufu ya viungo. Gravenstein una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, hivyo chavua yake haifai kitu. Lazima upandwe karibu na mitufaha ya aina nyingine iuchavushie, nao hauilipi fadhila hiyo. Ni mti wa gharama, na ulipopitwa na soko ilikuwa rahisi kutoa hesabu za kuukata. Shairi zima liko katika pengo la kati ya hesabu hizo na kisiki kilichobaki.

Tuje kwenye lugha, maana bila hiyo habari ya tafsiri haishikiki.

Norwei ina maandishi rasmi ya aina mbili. Moja, bokmål, ilikua kutokana na Kidenmaki kilichotawala karne nyingi za kuwa chini ya Denmark. Nyingine, nynorsk, iliundwa na Ivar Aasen katikati ya karne ya 19 kwa kukusanya lahaja za mashambani, hasa za magharibi, na kuzifungamanisha kwa sarufi moja. Bunge lilizipa hadhi sawa mwaka 1885. Mwaka 1944 theluthi moja ya watoto wa shule walikuwa wakisoma kwa nynorsk. Leo ni kama asilimia 12. Hauge aliandika nynorsk, tena ya kale kuliko ya wenzake. Alishika umbo ambalo nomino fulani za jinsia ya kike huishia na *-i* zinapotaja kitu mahususi, kwa hiyo "ukweli ule" kwake ni *sanningi*, pale ambapo wengi huandika *sanninga*. Mwaka 2012 umbo la *-i* liliondolewa kwenye kanuni rasmi. Kwa hiyo mtoto wa shule leo akiandika kama mshairi wa shairi bora la taifa, mwalimu ana haki ya kumsahihisha.

Kwa mfasiri, uchaguzi huo una gharama ya kila siku. Kijerumani kimejaa maneno yenye viambishi kama *be-*, *an-* na *-heit*. Kidenmaki kiliyapokea kwa jumla, na bokmål ikarithi. Anayefasiri shairi la Kijerumani kwa bokmål hukuta maneno yameshavuka mpaka zamani: *Freiheit* ni *frihet*, *Wahrheit* ni *sannhet*, *Einsamkeit* ni *ensomhet*. Wajenzi wa nynorsk waliyafungia mlango maneno ya mtindo huo kama wageni. Uhuru ukawa *fridom*, ukweli *sanning*, upweke *einsemd*. Maana ni ileile, lakini silabi, mkazo na vina vyote vimehama. Shairi la vina na mizani katika Kijerumani, likiingia nynorsk, hufika bila fanicha hata moja, na kila kiti kinabidi kichongwe upya kwa mti wa hapo.

Huenda ndiyo sababu Hauge alipenda neno *umsetjing* kwa kazi hii. Bokmål husema *oversettelse*, kuvusha. *Umsetjing*, ukilivunja, ni kuweka upya, kupanga kwa namna nyingine. Sisi tuna *tafsiri*, neno la Kiarabu ambalo mzizi wake ni kufafanua, na kwa kweli tafsiri nyingi za mashairi kwa Kiswahili zinaponzwa na tabia hiyo, kwani hufafanua pale ambapo shairi lilinyamaza. Hauge alipanga upya, akaacha kimya kikae kimya.

Mkusanyo wake wa tafsiri, *Utanlandske dikt* (mashairi ya nchi za nje), ulitoka mwaka 1967. Mkubwa zaidi, *Dikt i umsetjing*, ulifuata mwaka 1982. Aliowafasiri ni kundi lisilokaa pamoja kwa urahisi. Kwa Waingereza na Waayalandi kuna Tennyson, Browning na Yeats. Kwa Wafaransa kuna Rimbaud na Mallarmé. Katika Kijerumani kuna Hölderlin, Trakl, Brecht na Paul Celan, na kutoka Marekani Stephen Crane na Robert Bly. Nusu yao ni watu wa vina na mizani. Nusu nyingine ndio waliovitupa.

Ukiiweka orodha hiyo kando ya vitabu vyake mwenyewe, jambo moja linajitokeza. Vitabu vya mwanzo, kuanzia 1946 hadi *Seint rodnar skog i djuvet* cha mwaka 1956, vina beti zilizofungwa, zikiwemo soneti. *På ørnetuva* cha 1961 kilimpatia tuzo ya wahakiki. Kisha mwaka 1966 kinatoka *Dropar i austavind*, na mtu ni yuleyule lakini mkono si ule. Mistari imekatwa, vina vimeachwa, na sitiari nyingi zimepisha vitu vyenyewe: shoka, kisiki, paka, kiti. Tafsiri zikafuata mwaka mmoja baadaye. Crane alikuwa bwana wa shairi la mistari sita lisilojieleza. Brecht alijua kusema jambo zito kwa sauti ya mtu anayeuliza bei. Anayewafasiri watu kama hao hulazimika kujifunza wapi pa kuacha, kwani ukiongeza neno moja la kuremba katika shairi la Brecht, limekufa. Nidhamu hiyo hairudi kabatini pamoja na kamusi. Mwalimu mwingine alikuwa wa mbali zaidi, mshairi wa China T'ao Ch'ien, ofisa aliyeacha kazi ya serikali akarudi kulima. Kuna shairi ambamo Hauge anasema mzee huyo akija kumtembelea siku moja atamwonyesha miti yake ya cheri na matufaha. Anamzungumzia kama jirani wa ng'ambo ya fyodi.

Waliomgundua walikuwa vijana wa mjini. Mwaka 1966 kundi la waandishi waliozunguka jarida la *Profil* mjini Oslo lilikuwa likitafuta ushairi usio na mapambo, na wakamkuta mkulima wa miaka karibu 60 amewatangulia. Jan Erik Vold, mmoja wao, alimpigia debe kwa miaka mingi. *Spør vinden* kilitoka mwaka 1971, na mwaka uliofuata mashairi yake yote yakakusanywa pamoja. Robert Bly, ambaye Hauge alimfasiri, naye alimfasiri Hauge kwa Kiingereza. Biashara ya namna hiyo ni adimu, na pande zote mbili zilipata faida.

Kuhusu maisha ya nyumbani hapahitajiki mengi. Mwaka 1970 msanii wa nguo za kufumwa, Bodil Cappelen, alianza kuandikiana naye barua. Barua hizo za 1970 hadi 1975 zimechapishwa kama kitabu. Bodil alihamia Ulvik, wakafunga ndoa mwaka 1978, bwana harusi akikaribia miaka 70. Hauge alifariki tarehe 23 Mei 1994. Bly anasimulia kwamba hakuwa na ugonjwa wa kuonekana, aliacha tu kula siku kumi hivi, na kwamba jeneza lilipandishwa mlimani kwa gari la farasi, na mtoto wa farasi akikimbia pembeni ya mama yake njia nzima. Tangu 2014 Ulvik ina kituo chenye jina lake.

Sasa, kwa wanaotaka kumleta katika Kiswahili. Njia ya mkato ni kupitia Kiingereza, ambako tafsiri zake ni nyingi na nzuri. Njia hiyo ina hasara ambayo haionekani mpaka uilinganishe na nynorsk yenyewe, kwa sababu mara nyingi Kiingereza kinatupa njiani kitu ambacho Kiswahili kilikuwa nacho tayari.

Chukua lile shairi lililoshinda, *Det er den draumen*. Ni sentensi moja tu. Inataja ndoto tunayoibeba, kisha mistari karibu yote inaanza na neno moja dogo, *at*, "kwamba", na kitenzi *opna seg*, kufunguka, kinarudi mara tano: wakati, moyo, milango, mlima, na mwishoni ndoto yenyewe. Kila mara kinatanguliwa na kitenzi kisaidizi *skal*. Hapo pana mtego. Ukipitia Kiingereza utakutana na wakati ujao, nawe utaandika "wakati utafunguka, moyo utafunguka". Hiyo ni ahadi, na inasikika kama mahubiri ya mkutano wa hadhara. *Skal* ikiwa ndani ya ndoto ni tumaini, na sarufi yetu ina umbo lake kamili: wakati ufunguke, moyo ufunguke, milango ifunguke. Kiambishi kinabadilika pale kwenye milango na ndoto, kwa hiyo mwangwi hautakuwa sawasawa kama kwake, lakini tunalipwa kwa mdundo, maana *-funguke* inatua palepale kila mwisho wa mstari.

Mstari wa mwisho una *våg*, mkono mdogo wa maji ulioingia nchi kavu. *Ghuba* ni kubwa mno, ina meli za mafuta ndani yake. Watu wa pwani wana *hori*, na ndilo neno lenyewe, ila msomaji wa bara anaweza kuona chombo cha kulishia ng'ombe. Kinachookoa ni kitenzi. *Glida inn* ni kuingia kwa kuteleza juu ya maji bila kelele. "Kuteleza" peke yake kwetu ni kuanguka, hivyo lazima useme chombo kinajiendea bila kupigwa kasia, na hapo ng'ombe wanaondoka wenyewe.

Shairi la pili ni *Kom ikkje med heile sanningi*, lenye mistari sita. Msemaji anaomba asiletewe ukweli wote. Asiletewe bahari kwa sababu ya kiu yake, wala mbingu anapoomba mwanga. Maneno mawili hapa yanapotea ukipitia Kiingereza. *Himmel* ni anga na pia makao ya Mungu, na Kiingereza hulazimika kuchagua moja, ilhali *mbingu* yetu inabeba yote mawili. Pia kitenzi *bed* ni kuomba chumvi kwa jirani na ni kusali. Kiswahili nacho kina *omba* moja kwa kazi zote mbili. Mstari ule unahamia kwetu mzima, bila kuguswa, kwa anayeanza na nynorsk.

*Kom ikkje med*, "usije na", unafanana na wetu mpaka unatisha. Tatizo ni kwamba *usije* kwetu pia ni onyo: usije ukaanguka, usije ukasema sikukwambia. Msomaji atasubiri *uka-* ambayo haiji. *Usiniletee* inaondoa wasiwasi huo, ila inamfuta mgeni anayesogea mlangoni. Afadhali *usije na*, na mstari wa pili ufike haraka kabla shaka haijakomaa.

Kisha anataja anachotaka, vitu vitatu. Cha kwanza ni *glimt*, mwanga wa kupita mara moja. *Kimulimuli* kinavutia, lakini kinaleta mdudu ambaye hakualikwa, hivyo *mmweko* unatosha. Cha pili ni *ei dogg*, umande, tena kwa kuuhesabu mmoja. Mkono unataka kuandika "tone la umande", lakini matone yanakuja katika mstari unaofuata na si vizuri kuyatumia kabla ya wakati. Andika "umande kidogo". Cha tatu ni *eit fjom*, na hapa ndipo kazi ilipo. *Fjom* ni kile kilaini chepesi kinachopeperuka, manyoya madogo kabisa ya ndege au uzi uliochomoka kwenye nguo, na kwa kupanuka, chochote kilicho kidogo mno. *Chembe* ina udogo lakini ni ngumu, haipeperuki, na punde tu itahitajika kwa chumvi. *Sufi* inapeperuka vizuri sana, ila inaupanda msufi katikati ya Hardanger. *Laika*, kinyweleo laini cha mwilini, ingekaribia kuliko zote, lakini wingi wake ni *malaika*, na mbingu imeshatajwa mstari mmoja juu. Hakuna msomaji atakayeona vinyweleo.

Kinabaki *kinyoya*. Ni kizito kidogo kuliko *fjom*, lakini kinakaa vizuri pale kilipo, kwa sababu mstari unaofuata una ndege, wametoka kuoga, na maji bado yanawadondoka.